Annalena wa Wajir: mama aliyejenga kanisa lisilo na mnara

Hebu tuseme una wiki moja ya likizo na nauli mfukoni. Marafiki zako wote wanaelekea Diani kupiga picha za bahari. Wewe, kwa sababu unazozijua mwenyewe, unaenda Eastleigh na kupanda basi la Wajir.

Utapita Thika, utapita Mwingi, halafu joto litaanza kukukaribisha. Utavuka daraja la Mto Tana na kuingia Garissa. Hapo abiria wengi hushuka kunyoosha miguu na kunywa chai ya maziwa ya ngamia. Wewe bado una zaidi ya kilomita 300 mbele yako: Modogashe, Habaswein, kisha Wajir, mji wa visima na udongo mweupe.

Kuna watu duniani ambao likizo kwao ni kuzunguka wakitazama nyumba za ibada za kale. Kule Bretagne, magharibi mwa Ufaransa, mtu anaweza kumaliza mwezi mzima akitoka kanisa moja la mawe hadi jingine, kutoka kikanisa cha kijijini hadi abasia iliyokaa pale mamia ya miaka. Huku kwetu Kaskazini Mashariki hakuna kitu kama hicho. Wakazi wengi ni Waislamu, makanisa ni machache, na mengi ni ya juzijuzi. Dayosisi ya Katoliki ya Garissa yenyewe ilipata hadhi hiyo mwaka 1984 tu.

Lakini nje kidogo ya mji wa Wajir kuna mahali pa upweke na sala ambapo majivu ya mwanamke mmoja yalitawanywa. Hakuna mnara wala kengele kubwa, na huoni watalii wakipanga foleni. Ukitaka kujua kwa nini mtu afunge safari ndefu hivyo kufika pale, itabidi umjue kwanza huyo mwanamke. Jina lake ni Annalena Tonelli. Alipouawa mwaka 2003, huenda wewe hukuwa umezaliwa, au ulikuwa bado unatambaa.

Msichana wa Forlì

Alizaliwa tarehe 2 Aprili 1943 mjini Forlì, kaskazini mwa Italia, vita vikuu vya pili vikiwa bado vinapiganwa. Alisomea sheria. Yaani kama mambo yangeenda kawaida, angekuwa wakili mwenye ofisi nzuri, mshahara na pensheni. Wazazi wangefurahi, si ndiyo?

Lakini tangu akiwa kijana wa umri wako alikuwa na tatizo moja: hakuweza kumpita maskini barabarani halafu aende zake. Kwa miaka sita alihudumia watu wa mtaa wa mabanda katika mji wake mwenyewe. Pia alikuwa miongoni mwa vijana walioanzisha kamati ya kupambana na njaa duniani pale Forlì, kamati ambayo baadaye ilimtumia misaada kwa miaka mingi. Alisoma sana habari za Gandhi. Alikuwa Mkristo wa kusali sana, lakini hakuwa mtawa. Hakujiunga na shirika lolote la kidini, hakuvaa sare ya usista, na hakutumwa na mtu.

Mwanzoni mwa 1969 alikuja Kenya. Alikuwa na miaka 25. Alifundisha kwa muda eneo la kati mwa nchi, kisha mwaka 1970 akaenda Wajir kufundisha shule ya sekondari.

Simama hapo kidogo. Wajir ya 1970 haikuwa mahali ambapo mwalimu wa Nairobi aliomba kuhamishiwa. Vita vya shifta vilikuwa vimeisha juzi tu, mwaka 1967. Hali ya hatari iliyotangazwa Desemba 1963 ilikuwa bado inatumika, na haikuondolewa hadi 1991. Kwa lugha rahisi, kwa karibu miaka thelathini mkazi wa Garissa, Wajir au Mandera aliishi chini ya sheria tofauti na zile za Mkenya wa Nyeri au Kisumu. Askari aliweza kukukamata, kukupekua na kukuweka ndani bila maelezo mengi. Ukienda Nairobi, watu walikuuliza kama umetoka Kenya. Hadi leo kuna wazee kule wanaosema wanasafiri kwenda Kenya wanapomaanisha Nairobi.

Huko ndiko msichana huyu wa Italia alikotaka kukaa.

Mgeni asiye na mume

Usidhani alipokewa kwa ngoma. Jiweke katika nafasi ya watu wa Wajir. Kaja mwanamke mweupe, kijana, hana mume, hana mtoto, na dini yake ni nyingine. Ni nani huyu? Anataka nini? Watoto walimwambia waziwazi kuwa hatauona mlango wa pepo. Wengine waliona haya kumsalimia. Mwanamke asiyeolewa, kwa mila za pale, hana heshima ya kuhesabika.

Alivaa nguo ndefu na mtandio kama wanawake wa pale. Alijifunza Kisomali. Hakuhubiri sokoni wala kumshawishi mtu abadili dini, na hilo watu wa Wajir walilishuhudia kwa miaka na miaka. Alikuwa na wenzake wachache, wanawake waliokuja kujiunga naye kutoka Italia, na pamoja wakaanzisha kituo cha kuwasaidia walemavu: watoto waliopooza kwa polio, wasioona na wasiosikia, wale ambao familia za wafugaji zilikuwa zikiwabeba mgongoni mwa ngamia kwa shida.

Halafu wakatenga mahali nje ya mji pa kukaa kimya na kusali. Ndipo pale nilipokutajia mwanzoni. Siku sita wanafanya kazi mpaka miguu inavimba, siku moja wanakwenda kunyamaza. Fikiria hilo wewe ambaye huwezi kukaa dakika kumi bila kuangalia simu. Kwa Annalena, ukimya huo ulikuwa kama kisima kwa mfugaji. Bila kukirudia mara kwa mara, safari inaishia njiani.

Manyatta ya kifua kikuu

Sasa tufike kwenye jambo lililomfanya ajulikane hadi Geneva.

Ugonjwa uliokuwa ukimaliza watu Wajir ulikuwa kifua kikuu, TB. Wasomali wanauita qaaxo, na zamani jina hilo lilitamkwa kwa sauti ya chini. Mtu mwenye qaaxo alifichwa. Alikula peke yake na kulala peke yake. Wengine waliachwa nyuma kambi ilipohama kwa sababu hawakuwa na nguvu ya kutembea.

Dawa zilikuwepo. Shida haikuwa dawa. Matibabu ya wakati ule yalichukua mwaka mzima au hata mwaka na nusu, na mfugaji hakai mahali pamoja mwaka na nusu. Mvua ikinyesha upande wa pili wa kaunti, mifugo inaondoka, naye anaondoka. Anaanza dawa, anapata nafuu baada ya wiki chache, anaona amepona, anafuata ngamia wake. Baada ya miezi anarudi akiwa hoi, na safari hii vijidudu vimeshaizoea dawa. Wataalamu wengi walikuwa wamekata tamaa kabisa. Walisema wafugaji hawatibiki.

Annalena hakuwa daktari. Mambo ya tiba alijifunza akiwa kazini, na kwa miaka akajipatia vyeti vya tiba za nchi za joto, TB na ukoma, hapa Kenya na Ulaya. Lakini alikuwa amekaa na watu hawa. Alikuwa amekesha na wagonjwa waliokuwa wakifa, akiwashika mkono kwa sababu hakuna mwingine aliyethubutu kuwakaribia. Kwa hiyo aliliona lile ambalo wataalamu hawakuliona: mfugaji hakatai dawa, anakataa wodi. Anakataa kufungiwa kwenye jengo la saruji lenye vitanda vya chuma, mbali na moto wake na watu wake.

Mwaka 1976 akakabidhiwa kuongoza mradi wa majaribio wa Shirika la Afya Duniani, WHO, wa kutibu TB kwa wafugaji. Wazo lilikuwa rahisi mpaka unashangaa kwa nini halikufikiriwa mapema. Mgonjwa asilazwe wodini. Aje na familia yake na mikeka yake, ajenge kibanda chake cha kifugaji karibu na kituo, apike chakula chake, asali sala zake. Matibabu yawe ya miezi sita kwa dawa mpya zenye nguvu. Na kila siku ameze dawa mbele ya mtu anayemwona kwa macho, mpaka siku ya mwisho.

Pakawa kijiji. Kikaitwa TB Manyatta, na jina limebaki Wajir mpaka leo. Watu waliokuwa wakifichwa sasa walikuwa na majirani wenye ugonjwa uleule. Watoto walifundishwa kusoma. Wazee walikaa kivulini wakisoma Korani. Na mtu akimaliza miezi sita, anaondoka na cheti kuonyesha kwamba amepona. Usikidharau hicho kipande cha karatasi. Kwa mtu aliyekuwa ametengwa na ukoo wake, kilikuwa tiketi ya kurudi nyumbani.

Mbinu kama hiyo ilikuwa ikijengwa miaka hiyohiyo kwa jirani zetu Tanzania, ambako daktari Karel Styblo alisaidia kuanzisha mpango wa taifa wa TB. Katika miaka ya 1990 WHO ikaufanya mfumo wa kumwona mgonjwa akimeza dawa kuwa mkakati wa dunia nzima, kwa jina la DOTS. Ukiwa na ndugu aliyewahi kutibiwa TB katika zahanati yoyote ya serikali, alipitia njia hiyo. Sasa unajua kwamba sehemu ya njia hiyo ilichongwa kwenye mchanga wa Wajir, na wafugaji ambao wataalamu walisema hawatibiki.

Annalena mwenyewe alipenda kusimulia kwamba mzee mmoja alimwambia wao Waislamu wana imani, lakini yeye ana upendo. Ndivyo mlango ulivyofunguka, polepole, kwa miaka.

Wagalla

Hapa ndipo hadithi inapobadilika. Nitasema kwa uwazi, kwa sababu nyumbani kwenu huenda hawakukwambia na shuleni pengine hamkufika ukurasa huo.

Tarehe 10 Februari 1984, vikosi vya usalama vilizunguka makazi ya Wasomali wa ukoo wa Degodia kuzunguka Wajir. Wanaume walikusanywa na kupelekwa kwenye kiwanja cha ndege cha Wagalla, kilomita chache magharibi mwa mji. Walivuliwa nguo na kulazwa juani. Walikaa siku kadhaa bila maji wala chakula. Wapo waliopigwa risasi, waliopigwa hadi kufa na waliokufa kwa kiu. Miili ilipakiwa kwenye malori na kumwagwa porini.

Serikali ilisema waliokufa ni 57. Miaka mingi baadaye, mwaka 2013, Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliandika kwamba idadi ilikaribia elfu moja. Manusura wenyewe wanataja idadi kubwa zaidi.

Mji ulifungwa. Kutoka nje na kuuliza maswali kulikuwa hatari. Annalena alitoka. Pamoja na wenzake alikwenda na gari porini kutafuta waliokuwa bado wanapumua, akawaleta, akawafunga vidonda. Alisaidia kuzika wafu. Na akafanya jambo jingine ambalo kwa watawala lilikuwa baya kuliko kutibu: aliandika. Alikusanya majina. Taarifa na picha zikatoka Wajir kimyakimya, zikafika Nairobi, na kwa msaada wa Mmarekani Barbara Lefkow, mke wa mwanadiplomasia, zikafika mikononi mwa mabalozi. Dunia ikajua.

Hebu jiulize. Una kazi uliyoipenda kwa miaka kumi na minne. Una watoto unaowalea, wagonjwa wanaokungoja asubuhi, na kibali cha kuishi nchini kinachoweza kufutwa kwa sahihi moja. Ukinyamaza, unabaki na vyote hivyo. Unaweza hata kujipa sababu nzuri: nikinyamaza nitaendelea kuwatibu. Ukisema, unapoteza vyote. Ungefanya nini?

Yeye alisema. Mwaka 1985 akaondoka Kenya kwa lazima, akauacha mji aliouita nyumbani. TB Manyatta, kituo cha walemavu, mahali pake pa sala, vyote vikabaki nyuma.

Wapo wanaosema kelele zilizopigwa wakati ule ziliokoa maisha ya watu wengi, kwa sababu ziliwafanya wakubwa wajue kwamba wanatazamwa. Kwa manusura wa Wagalla hilo si suala la mjadala wa darasani. Jina lake hutajwa kwa heshima kila wanapokumbuka Februari ile.

Somalia, mpaka mwisho

Watu wengi wangerudi Italia na kuandika kitabu. Annalena alikaa kwao kwa muda akijitenga na kusali, halafu akageuka tena upande huu wa dunia. Alikwenda Somalia.

Aliikuta ikielekea kuvunjika. Serikali ilipoanguka mwaka 1991 na njaa ikaja, alikuwa Merca, mji wa pwani kusini mwa Mogadishu, akitibu TB na kulisha watu kwa maelfu. Alipigwa na kutishiwa maisha. Aliondoka Merca mwaka 1995, na daktari aliyechukua nafasi yake, Graziella Fumagalli, naye Mwitaliano, akauawa hapohapo mwezi Oktoba mwaka huohuo.

Kwa akili ya kawaida, hapo ndipo mtu angesema basi. Mwaka 1996 yeye akahamia Borama, Somaliland, akaanza upya akiwa na miaka 53. Akajenga hospitali ya TB iliyokuwa na mamia ya wagonjwa. Akaanzisha shule ya watoto viziwi, ambao wengi walikuwa hawajawahi kukaa darasani. Alileta madaktari wa macho, na watu kwa maelfu wakaona tena. Alipinga ukeketaji wa wasichana, akizungumza na wanawake wenyewe na viongozi wa dini wenyewe badala ya kuwapigia kelele kutoka mbali. Alipoanza kutibu wagonjwa wa Ukimwi, kuna watu mjini waliochukia, wakaandamana, na hata mawe yakarushwa hospitalini. Hakuondoka.

Miaka yote hiyo hakuwa na mshahara, bima wala akiba ya uzeeni. Chumba chake kilikuwa kitupu na nguo zake zilihesabika. Alilala saa chache tu usiku. Hakupenda mahojiano na wala hakupenda picha. Mwezi Juni 2003 Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi lilimpa tuzo ya Nansen, heshima kubwa kuliko zote kwa wanaohudumia wakimbizi. Aliipokea, akarudi Borama kwa wagonjwa wake.

Jioni ya Jumapili, tarehe 5 Oktoba 2003, baada ya kuwazungukia wagonjwa, alipigwa risasi kichwani ndani ya eneo la hospitali yake. Alikuwa na miaka 60. Kati ya hiyo, 34 aliitumia huku kwetu.

Mwili wake haukurudi Forlì. Alikuwa ametaka kurudi mahali pamoja tu. Majivu yake yakapelekwa Wajir na kutawanywa pale nje ya mji, alikokuwa akienda kunyamaza.

Mzungu mwingine mwokozi?

Najua swali lililo kichwani mwako, maana hata mimi nililiuliza. Kwa nini kila tukisimuliwa habari za Kaskazini Mashariki, shujaa ni Mzungu? Wenyeji walikuwa wapi?

Ni swali la haki. Jibu ni kwamba walikuwepo, na bila wao hakuna hadithi. Walioishi katika manyatta na kumeza dawa miezi sita bila kukosa walikuwa wafugaji. Waliomfundisha lugha na kumlinda usiku walikuwa watu wa Wajir. Na ulipozuka mgogoro mkali wa koo mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake wa Wajir wenyewe, Dekha Ibrahim Abdi akiwa miongoni mwao, ndio walioanza sokoni kutafuta amani, kazi iliyomletea Dekha tuzo ya kimataifa ya Right Livelihood mwaka 2007. Mji huu una mashujaa wake, na wengi wao ni wanawake.

Basi kwa nini Annalena akumbukwe? Kwa sababu waokozi wa kawaida huja, hupiga picha, huandika ripoti, huondoka. Huyu alikaa. Hakujenga kitu cha kubeba jina lake. Na siku uchaguzi ulipokuja kati ya kibali chake na majina ya waliouawa, alichagua majina. Yale majina yalikuwa ya Wakenya ambao Kenya yenyewe ilikuwa imekataa kuwahesabu.

Tusisahau pia kwamba mambo haya hayakuisha 2003. Tarehe 1 Julai 2012 makanisa mawili ya Garissa yalishambuliwa wakati wa ibada na watu 17 wakauawa. Baadaye viongozi wa Kiislamu wakakubaliana vijana wao wasaidie kuyalinda makanisa. Kijana wa Kiislamu kusimama mlangoni ili jirani yake Mkristo asali kwa amani, na mwanamke Mkristo kuishi miongo kati ya Waislamu bila kumtaka mtu abadili chochote: mimi naona hayo mawili ni ya nyumba moja.

Ukifika Wajir

Kwa hiyo ukishuka kwenye basi, vumbi usoni na miguu imekufa ganzi, fanya hivi.

Kabla hata hujaondoka Nairobi, ulizia hali ya usalama barabarani na ubebe kitambulisho, maana vizuizi vya polisi ni vingi. Vaa nguo za heshima, mvulana au msichana. Nenda kwanza kwenye misheni ya Katoliki mjini na uombe ruhusa. Mahali pale pa upweke si bustani ya umma na si pa kujipigia picha za kuringia mitandaoni. Ukiruhusiwa, zima simu. Kaa hata nusu saa. Hutaona jambo la ajabu, bali upepo, miiba na jua. Ndiyo maana alipapenda.

Kisha rudi mjini, uulizie TB Manyatta. Ukimpata mzee wa miaka sabini hivi, msalimie vizuri, mnunulie chai, umuulize kama anamkumbuka Annalena. Usimkatize.

Na kama una moyo, fika Wagalla. Pana mnara wa ukumbusho uliozinduliwa mwaka 2014, miaka thelathini baada ya mauaji, ukiwa na majina ya waliouawa. Soma machache kwa sauti, hata kama hujui kuyatamka sawasawa.

Huko Bretagne, msafiri hutoka kwenye abasia akisifia mawe na madirisha ya vioo vya rangi. Wewe utarudi Nairobi bila picha ya kuweka ukutani. Lakini siku utakapopita karibu na mtu ambaye wengine wote wamekataa kumkaribia, au utakapoona jambo baya na kuambiwa unyamaze kwa faida yako, utajua kwamba kuna aliyewahi kuulizwa maswali hayohayo, hapahapa nchini kwako, na alivyoyajibu.